Visiwa vya matumbawe: Hujengwa kwa haba na haba, huharibiwa na tope la bara

KUTOKA Gairo hadi ufukwe wa Bahari ya Hindi ni mwendo wa zaidi ya kilometa 300 kwa barabara. Hata hivyo, bidhaa za bahari zimo katika maduka na magenge ya mji huo ulio kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Mfanyabiashara anayeuza ng'onda, papa wa chumvi, nazi au mkoba wa ukili anauza vitu ambavyo kwa sehemu kubwa vimewezekana kwa sababu ya ukuta mmoja ulio chini ya maji. Ukuta huo ni mwamba wa matumbawe.

Wengi wa bara hudhani tumbawe ni jiwe la kawaida, kama yale yanayochimbwa kandokando ya milima ya Ukaguru. Ukweli ni kwamba jiwe hilo limejengwa na mnyama, na katika sehemu nyingine za dunia wanyama hao wamejenga visiwa vizima ambavyo watu wanaishi, wanalima na kuzikana juu yake.

Visiwa hivyo vina mambo mawili yanayomhusu moja kwa moja mkulima wa Gairo. La kwanza ni maji ya chumvi, tatizo linalofahamika vizuri na wakazi wa mji huo ambao visima vyao vingi hutoa maji yasiyonyweka. La pili ni udongo. Tope linalochukuliwa na mvua kutoka mashamba ya milimani ni miongoni mwa maadui wakubwa wa matumbawe.

Mnyama anayejenga jiwe

Anayejenga mwamba wa matumbawe ni mnyama mdogo, mlaini, ambaye kwa aina nyingi hazidi punje ya hindi. Ana mdomo uliozungukwa na vidole laini vya kunasia chakula. Huchukua madini ya chokaa yaliyoyeyuka katika maji ya bahari na kujijengea kikombe kigumu cha kukalia. Anapokufa, kikombe hubaki na mwingine hujenga juu yake. Kwa namna hiyo mamilioni ya vikombe huungana na kuwa mwamba.

Kazi hiyo ni ya polepole. Matumbawe ya aina ya mawe makubwa ya duara hukua kwa takriban sentimeta moja tu kwa mwaka. Yale yenye matawi kama ya mti huweza kukua sentimeta 10 au zaidi kwa mwaka, lakini ni dhaifu na huvunjika upesi.

Mnyama huyo hafanyi kazi peke yake. Ndani ya mwili wake huishi mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kama jani la hindi linavyofanya shambani, kisha humgawia mwenyeji wake. Ndiyo maana matumbawe ya kujenga miamba yanahitaji maji ya vuguvugu, yenye chumvi, yasiyo na kina kirefu na yaliyo maangavu. Maji yakichafuka, mwanga haufiki chini na mnyama hukosa chakula.

Hii inaeleza kwa nini pwani ya Tanzania ina miamba mingi ya matumbawe, lakini ukifika mbele ya midomo ya mito mikubwa kama Rufiji, Ruvu na Wami haipo. Hapo maji baridi na tope huyazuia matumbawe kuota.

Kutoka mlima wa moto hadi kisiwa cha pete

Visiwa vya matumbawe vilivyo katikati ya bahari kuu huwa na umbo la ajabu. Vinakaa kama pete au bangili, na katikati yake kuna maji yaliyotulia ya bahari. Wataalamu huita kisiwa cha namna hiyo atoli, neno lililotoka katika lugha ya watu wa visiwa vya Maldives.

Kwa muda mrefu watu walijiuliza pete hiyo inatokeaje, kwa kuwa matumbawe hayawezi kuota katika kina cha maelfu ya meta ambako hakuna mwanga. Mwingereza Charles Darwin ndiye aliyetoa jibu katika kitabu chake cha mwaka 1842. Alisema kwamba mwanzo huwa ni mlima wa volkano unaochomoza baharini. Matumbawe huota kando ya ufukwe wake. Baada ya muda mrefu mlima hupoa na kuanza kuzama taratibu, lakini matumbawe huendelea kujenga kwenda juu kuufuata mwanga. Mlima ukishazama wote, kinachobaki juu ya maji ni ile pete iliyokuwa imeuzunguka.

Maelezo hayo yalithibitishwa mwaka 1952. Wataalamu wa Marekani walichimba katika atoli ya Enewetak, Bahari ya Pasifiki, wakapita kwenye chokaa ya matumbawe kwa zaidi ya meta 1,200 kabla ya kugonga jiwe la volkano.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Pasifiki ili kuona hatua hizo. Visiwa vya Komoro vinatosha. Ngazija bado ni kisiwa kichanga, na mlima wake Karthala ulilipuka mara kadhaa kati ya mwaka 2005 na 2007. Matumbawe yake yako karibu na ufukwe tu. Mayotte, ambayo iko chini ya Ufaransa, ni kisiwa kikongwe zaidi kilichoanza kuzama zamani. Kimezungukwa na mwamba ulio mbali na nchi kavu, na kati ya mwamba huo na kisiwa kuna maji matulivu yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 1,000. Hiyo ni hatua ya pili.

Hatua ya tatu inaonekana Aldabra, katika nchi ya Shelisheli. Ni pete ya visiwa vinne vikubwa yenye urefu wa takriban kilometa 34, na sehemu kubwa ya ardhi yake haizidi meta 8 juu ya bahari. Ina kobe wakubwa wanaokadiriwa kufikia 100,000, na tangu mwaka 1982 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hakuna kijiji Aldabra. Wanaokaa huko ni watafiti na walinzi wachache tu, na shida kubwa ya kuishi hapo ni maji ya kunywa.

Tanzania haina atoli. Lakini sehemu kubwa ya Unguja ya mashariki na kusini, pamoja na visiwa vya Mafia, ni mawe ya matumbawe ya kale yaliyoachwa nje bahari iliposhuka. Maisha ya watu wa maeneo hayo yanafanana kwa mengi na ya watu wa atoli.

Maji yanayoelea juu ya chumvi

Jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji hayatiririki kuwa mto bali huzama moja kwa moja. Chini yake kuna maji ya bahari yaliyopenya kutoka kila upande. Kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake na kufanya tabaka jembamba. Hilo ndilo kisima cha kisiwa.

Tabaka hilo lina hesabu yake. Kwa kawaida, kila meta moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban meta 40 za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukishusha maji ya juu kwa sentimeta chache tu kwa kuvuta sana, chumvi hupanda kutoka chini kwa mara nyingi zaidi. Kisima kilichokuwa kitamu huharibika, na huweza kuchukua miezi au miaka kupona.

Ndiyo sababu wazee wa visiwani huchimba visima vifupi vingi badala ya kimoja kirefu, na huteka kwa ndoo kidogo kidogo. Huko Maldives, nchi yenye visiwa takriban 1,200 ambavyo karibu vyote havizidi meta mbili kutoka usawa wa bahari, mashine za kuvuta maji ziliharibu maji ya chini ya mji mkuu, Malé. Mji huo sasa hunywa maji ya bahari yaliyochujwa kwa mitambo. Tsunami ya Desemba 26, 2004 nayo iliingiza chumvi katika visima vya visiwa vingi vya nchi hiyo.

Mfano wa hapa nyumbani ni Jibondo, kisiwa kidogo kusini mwa Mafia kinachojulikana kwa mafundi wake wa majahazi. Kisiwa hicho ni jiwe tupu na hakina maji ya chini ya kutegemewa. Kwa muda mrefu wakazi wake walitegemea maji ya mvua na yale yaliyoletwa kwa vyombo kutoka Mafia.

Chumbe, kisiwa kidogo kusini mwa mji wa Zanzibar ambacho mwamba wake ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, nacho hakina maji. Nyumba za wageni zilizojengwa huko zina mapaa mapana yanayokinga mvua, na chini ya sakafu ya kila nyumba kuna tangi la kuhifadhia. Vyoo vyake havitumii maji.

Kulima pasipo na udongo

Mkulima wa Gairo anayelalamikia shamba lililochoka angepata faraja kidogo kama angeona shamba la atoli. Udongo wa huko ni mchanga wa matumbawe yaliyosagika. Sehemu ya mchanga huo hutengenezwa na samaki aitwaye pono, ambaye hutafuna jiwe la tumbawe ili apate chakula na kutoa unga mweupe. Mchanga huo una chokaa nyingi, mboji kidogo, na haushiki maji.

Mazao yanayovumilia ni nazi, mshelisheli na mengine machache. Hata hivyo, watu wa visiwa vya Kiribati, katika Pasifiki, waligundua njia ya kupanda magimbi. Huchimba shimo hadi karibu na lile tabaka la maji baridi, kisha hulijaza majani na takataka za mimea mwaka hadi mwaka. Majani yanaoza na kuwa udongo. Kwa maneno mengine, mkulima wa huko hutengeneza udongo kwa mikono yake, na shimo zuri hurithishwa kama mali ya ukoo.

Mafia ina bahati zaidi, kwani kisiwa kikubwa kina udongo wa kutosha na mashamba ya minazi. Huko Unguja, wakulima wa sehemu za mawe hupanda katika mifuko ya udongo iliyo kati ya jiwe na jiwe, na huacha ardhi ipumzike miaka kadhaa kabla ya kuilima tena.

Ukuta unaolisha watu

Pato kubwa la visiwa vya matumbawe hutoka baharini. Mwamba huvunja nguvu ya mawimbi, hivyo nyuma yake maji hutulia. Hapo ndipo samaki wachanga hukulia, pweza hujificha, na wakulima wa mwani hupata mahali pa kupigia vigingi na kufunga kamba zao. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Mwamba ukivunjika, mawimbi huingia na kung'oa kamba hizo.

Pweza wa Mafia, Songosongo na Kilwa huuzwa hadi Ulaya. Baadhi ya vijiji vya pwani, kikiwamo Kisiwa Panza huko Pemba, vimejaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza hukua haraka sana, hivyo siku ya kufungua wavuvi hupata wakubwa na wazito. Kwa mfugaji wa bara, hilo ni sawa na kufunga malisho ili nyasi zipate nafasi ya kuota.

Matumbawe pia yamejenga miji. Nyumba za kale za Kilwa Kisiwani, Mji Mkongwe wa Zanzibar na magofu ya Kua katika kisiwa cha Juani zilijengwa kwa mawe hayo, zikaezekwa kwa boriti za mikoko na kupigwa lipu ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe.

Lakini kuna tofauti kati ya kuchimba jiwe la kale lililo nchi kavu na kung'oa tumbawe lililo hai baharini. Katika kisiwa cha Mafia, matumbawe hai yamewahi kuchimbwa kwa ajili ya chokaa na kujengea. Jiwe lililoota kwa miaka 50 huishia katika tanuri kwa siku moja.

Baruti, joto na tope

Adui wa kwanza wa mwamba ni uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo, na huacha kifusi ambacho matumbawe mapya hushindwa kushika. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 kwa madhumuni ya kulinda miamba hiyo huku wanavijiji wakiendelea kuishi na kuvua ndani ya mipaka yake.

Adui wa pili ni joto. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, matumbawe huitema ile mimea inayoyalisha na kubaki meupe. Hali hiyo isipopita upesi, hufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Afrika Mashariki, yakiwamo ya Mafia, yalipauka na kufa kwa namna hiyo. Upaukaji ulirudi mwaka 2016 na tena mwaka 2024.

Adui wa tatu hatoki baharini. Ni tope.

Vijito vya milima ya Ukaguru, iliyo nyuma ya Gairo, huishia katika Mto Wami, unaomwaga maji yake baharini karibu na Saadani, upande unaotazamana na Unguja. Maji ya Uluguru hushuka kwa Mto Ruvu hadi Bagamoyo. Yale ya Kilombero, kusini mwa Mkoa wa Morogoro, huingia Rufiji, ambao delta yake inatazamana na Mafia. Kwa hiyo mkoa mmoja wa Morogoro unapeleka maji katika midomo mitatu ya mito iliyo mbele ya miamba ya matumbawe.

Si kwamba kila tope ni sumu. Mikoko ya delta huhitaji tope, na kamba wanaovuliwa karibu na Saadani na Rufiji hukulia humo. Mito hiyo imekuwa ikileta udongo tangu zamani, na matumbawe yameota mbali nayo kiasi. Tatizo ni kiasi kinapoongezeka. Mlima ukifyekwa na kulimwa kwa kuteremka, maji mekundu hufika mbali zaidi baharini, huziba mwanga na kuwafunika wale wanyama wadogo.

Ikumbukwe kwamba hasara hiyo huanzia kwa mkulima mwenyewe. Udongo unaofika baharini ni ule wa juu, wenye mbolea. Mkulima wa Nongwe au Rubeho anaupoteza mara moja, na mvuvi wa pwani anaupata kama mzigo.

Serikali ya kikoloni ilijaribu kulazimisha matuta ya ngazi katika milima ya Uluguru miaka ya 1950. Waluguru waliipinga kazi hiyo ya kulazimishwa, ghasia zikatokea mwaka 1955 na mpango ukaachwa. Fundisho lake ni kwamba hifadhi ya udongo hudumu pale tu mkulima mwenyewe anapoiona faida yake katika mavuno.

Mkulima wa Gairo afanye nini

Chumvi ya visima vya Gairo haitoki baharini. Hutokana na madini ambayo maji huyeyusha katika udongo na miamba, na katika nchi kavu jua huyakausha maji na kuacha chumvi nyuma. Hata hivyo, kanuni ya kisiwani inaweza kufanya kazi hapa pia. Pale ambapo maji matamu yako juu na ya chumvi chini, kisima kinachovutwa kwa pupa huweza kugeuka. Anayenunua pampu apime kwanza maji yake, ateke kwa kiasi, na aonje mara kwa mara.

Njia ya pili ni ile ya Chumbe, yaani kukinga maji ya paa. Hesabu yake ni rahisi. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la bati lenye meta za mraba 40, likipata mvua ya milimeta 500 kwa mwaka, hupokea lita 20,000. Ukiondoa inayopotea, hubaki takriban lita 16,000, sawa na madumu 800 ya lita 20.

Si kila mtu ana uwezo wa kuhifadhi yote. Lakini tangi la lita 5,000, likijaa mwisho wa masika, lina madumu 250. Hayo yanatosha dumu moja la kunywa na kupikia kila siku kuanzia Mei hadi Novemba, na mengine kidogo hubaki. Muhimu ni kuacha mvua ya kwanza ioshe paa, kufunika tangi, na kuweka wavu mdomoni ili mbu wasizaliane.

Kwa upande wa udongo, shimo la magimbi la Kiribati lina ndugu yake jirani na Gairo. Katika kijiji cha Chololo, mkoani Dodoma, wakulima hutumia mashimo madogo yenye upana wa takriban sentimeta 22 na kina cha sentimeta 30, yaliyoachana kwa sentimeta 60 katika mstari. Ndani huwekwa samadi, majivu na mabaki ya mazao, kisha hupandwa mahindi, mtama au uwele. Mvua hata ikiwa kidogo hukusanyika shimoni badala ya kutiririka.

Kwenye miteremko, makinga maji yanayofuata kontua, yaliyopandwa majani ya mifugo, hushika udongo na hapohapo hulisha ng'ombe na mbuzi. Matuta ya viazi vitamu, zao ambalo limeipa Gairo jina sokoni, yakipigwa kukatiza mteremko badala ya kuteremka nao, hufanya kazi hiyohiyo bila gharama ya ziada. Anayeanza msimu huu na aanze na robo eka iliyo kwenye mteremko mkali zaidi, kisha alinganishe mavuno yake na ya sehemu iliyobaki.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tumbawe hujenga mwamba kwa sentimeta moja kwa mwaka, na shamba la mlimani huweza kupoteza udongo wa unene huo kwa mvua chache kubwa. Mwenye jembe ndiye anayeamua udongo huo ubaki Ukaguru ukizaa mahindi, au uende Wami ukazibe jua la mnyama asiyemjua, anayemlindia samaki wa mboga yake.